Ukitaka Kuijua Hoteli Mpya, Agiza Maharage

Sinza fremu haikai tupu muda mrefu. Juzi palikuwa na duka la simu, jana pamefungwa, leo fundi anapaka rangi ya machungwa na kutundika taa za kuwakawaka. Ikifika Jumamosi spika iko nje, viti bado vina nailoni za dukani, wahudumu wamevaa fulana zinazofanana: hoteli mpya imefunguliwa. Wewe ndiyo kwanza umetoka kazini, njaa unayo, mfukoni una elfu kumi ambayo ina kazi nyingine tatu. Uingie, usiingie?

Mimi huingia, ila siku hizi siingii kama zamani. Pesa niliyoipoteza kwenye hoteli mpya za Dar es Salaam ingeninunulia friji la milango miwili.

Jiji hili halina namna ya kuzikwepa hoteli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kazini Posta hawezi kurudi Mbagala kula mchana. Lazima ale kwa mtu. Kwa hiyo hoteli hazikomi kufunguliwa, na kwa kuwa wanaozifungua ni wengi kuliko wanaojua kupika, hazikomi kufungwa vilevile. Ninazozisemea hapa ni hoteli za kawaida: za wali na ugali, chipsi, supu na nyama choma, ambazo mtu huingia bila kuweka oda na kutoka bila kukopa. Zile za Masaki zenye vitambaa mezani zina kanuni zake na watu wake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda siku ya ufunguzi na kuamini nilichokula. Miaka kadhaa nyuma ilifunguliwa hoteli karibu na kazini kwetu. Siku ile pilau ilikuwa pilau kweli: punje zimeachana, nyama inatoka kwenye mfupa kwa kijiko, kachumbari ina ndimu ya kutosha. Nikaitangazia ofisi nzima. Wiki ya tatu nikampeleka shemeji yangu aliyekuja kutoka Tanga, mtu ambaye kwake pilau si chakula cha kufanyia mzaha. Tukaletewa wali wa rangi ya udongo, mafuta yametuama pembeni ya sahani, nyama ya kutafuna mpaka taya zinauma. Shemeji alikula kimya. Akanawa, akajifuta mikono, akasema, "Kumbe nyie huku mmeshazoea." Neno hilo lilinichoma kuliko bili. Nilipoulizauliza nikaambiwa yule mpishi wa kwanza alikuwa wa kukodi, mpishi wa shughuli aliyezoea masufuria ya harusi. Alilipwa siku zake mbili, akabeba mwiko wake, akaondoka.

Tangu hapo, siku ya ufunguzi naichukulia kama harusi: nenda ukale, ucheze, upige picha, lakini usiseme umewajua maharusi. Kama unataka kuijua hoteli, subiri wiki ya tatu au ya nne. Kufikia hapo ofa ya soda ya bure imekwisha, ndugu wa mwenye hoteli wamerudi makwao, na jikoni amebaki yule atakayekupikia kila siku. Ukipenda ulichokula, rudi tena baada ya miezi sita kabla hujamleta mgeni. Fremu nyingi za Dar hulipiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Miezi ya mwanzo mwenye hoteli anatumia mtaji na anataka sifa. Kodi ya pili ikikaribia ndipo vipande vya nyama vinapoanza kusinyaa na mchuzi kuongezewa maji. Hoteli iliyovuka kodi ya pili na kipande kilekile, hiyo ina mwenyewe.

Sasa utaipataje hiyo hoteli? Kuuliza ni sawa, ila angalia unamuuliza nani. Bodaboda atakupeleka panaposhibisha. Si kosa lake; mtu aliye juu ya pikipiki tangu saa kumi na moja alfajiri anataka mlima wa ugali, habari ya binzari nyembamba ni yako wewe. Ukitaka pasafi, waulize wanaovaa mashati meupe kazini, makeshia na manesi, kwa sababu wao doa moja la mchuzi linawaharibia siku. Chai na chapati waulize mafundi cherehani, ambao hunywa chai asubuhi, saa nne na saa kumi na kwa hiyo wameshalinganisha. Na ukitaka kujua hoteli ipi iliwahi kuharisha watu, muulize mlinzi wa jengo la jirani. Yeye yupo hapo mchana na usiku. Anajua nyama inaletwa saa ngapi na imebebwa na nini.

Picha za mitandaoni zinanisaidia jambo moja tu, kujua ukubwa wa sahani, na hata hilo nalithibitisha kwa kuangalia kiganja cha aliyeshika kijiko.

Njia ninayoipenda zaidi ni kushuka kabla ya kituo changu. Mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, ambayo ilianza kubeba abiria Mei 2016, ilinipa mchezo huu bila kukusudia: Jumamosi moja nashuka Mapipa, nyingine Mwembechai, nyingine Manzese, nyingine Shekilango, halafu natembea kuingia ndani ya mtaa, si kando ya barabara kuu. Hoteli iliyo kando ya barabara inaishi kwa wapita njia. Ikikukosa leo, kesho atapita mwingine. Iliyo mtaani inaishi kwa wakazi walewale, na mkazi akikasirika anahamia kwa jirani na kuwaeleza wapangaji wenzake usiku uleule.

Ukishaiona, usiingie kwanza. Simama ng'ambo dakika tano kama mtu anayesubiri simu. Usihesabu watu tu, maana watu wanaweza kufuata televisheni yenye mpira. Tafuta mtoto aliyetumwa na bakuli. Jirani anapomtuma mtoto na bakuli au hotpoti la nyumbani kuja kununua mboga, hiyo ni barua ya dhamana. Yule jirani anasikia mpaka ugomvi wa jikoni mle. Kama bado ananunua, wewe mgeni una wasiwasi gani? Tazama pia watumishi wenyewe wanakula nini. Niliwahi kuona mahali wahudumu wanne wamekaa nyuma ya kaunta wanakula mihogo ya kununua kwa muuza mihogo wa nje. Nikageuza.

Saa ya kwenda nayo ina maana yake. Kwa chakula cha mchana mimi huenda saa sita na nusu. Kabla ya hapo baadhi ya sufuria hazijaepuliwa na utaambiwa "bado kidogo" ya nusu saa. Saa saba na robo foleni imefika mlangoni, na hakuna hoteli inayoonyesha tabia yake nzuri ikiwa imeelemewa. Supu ni mambo ya asubuhi. Ukikuta supu ya mbuzi inauzwa saa tisa alasiri, jiulize imekuwa jikoni tangu lini.

Ukiingia, salimia. Hili halina gharama na watu wa mjini wanalisahau. "Shikamoo mama" kwa anayepakua, kabla ya kutaja chakula, huongeza upawa; sijawahi kuona ikishindwa. Kisha usiulize "Kuna nini?" Swali hilo jibu lake ni "Kila kitu kipo," na hoteli yenye kila kitu saa sita na nusu ina friji kubwa kuliko jiko. Uliza hivi: "Leo mmepika nini?" Mhudumu anayejua atakutajia vitu vinne au vitano bila kuangalia karatasi. Halafu uliza la pili: "Kipi huwa kinawaishia mapema?" Hapo ndipo utapata jina la chakula ambacho wateja wa kila siku wanakigombania. Kama jibu ni kicheko na "Hapa hakuna kinachoisha," basi umeshajibiwa.

Kuhusu menyu ya kurasa nane iliyochapwa kwa rangi na kufunikwa plastiki, sina mengi. Ilinunuliwa pamoja na viti.

Sasa maharage. Mara ya kwanza kwenye hoteli yoyote mpya naagiza wali maharage na mboga ya majani, au ugali kama wali umekaa vibaya. Rafiki zangu hunicheka kwamba natoka nyumbani kwenda kula cha nyumbani. Sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni ya mfuko: hiyo ndiyo sahani ya bei ya chini kuliko zote, kwa mama ntilie ninaowajua mimi ni 2,000 au 2,500, kwa hiyo nikiumia naumia kidogo. Ya pili ndiyo hasa. Nyama inaweza kufichwa. Ukiikaanga sana, ukamwaga viungo vya pakiti na pilipili, kipande cha juzi kitapita kama cha leo, na kuku wa broila ladha yake ni ya kile alichopakwa. Maharage hayana pa kujificha. Kila uvivu wa jikoni unakaa ndani yake, na ukiyajua utausoma kijiko kwa kijiko.

Ukikuta jiwe, hayakuchambuliwa. Mtu aliyeshindwa kukaa na ungo robo saa hataosha mchicha mara tatu. Ukikuta ganda gumu na ndani unga, wamebania mkaa, na hapo acha kula kabisa, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu yake ya asili inayotapisha. Yakiwa laini kwa namna ya utelezi, rangi imefifia na ulimi unahisi kama umelamba sabuni, wameyaharakisha kwa magadi mengi. Magadi kidogo hayana ubaya, bibi zetu waliyatumia; yakizidi maana yake ni kwamba mpishi aliamka amechelewa, na kama alichelewa leo atachelewa kesho. Maji yakiwa yametengana na maharage, juu kama chai na chini kama kokoto, yameongezwa baada ya wateja kuzidi. Uchachu kwa mbali ni wa jana. Chumvi ikikosekana, mpishi haonji anachopika. Na yakija mazito, yameshikana na nazi yake au kitunguu chake, moto unapanda, hayana haja ya pilipili, unaweza kukaa ukaangalia upande wa pili wa menyu kwa matumaini. Mtu anayeheshimu sahani ya bei ya chini kabisa ataiheshimu na pesa yako ya samaki.

Jina lenyewe la mama ntilie linatokana na wateja: "Mama, nitilie." Serikali na mashirika hupenda kuwaita mama lishe, na ni jina la heshima, lakini lile la kwanza linanikumbusha kwamba kazi ni kutia, na anayetia anaonekana anatia nini. Hoteli nyingi mpya za fremu zimeuondoa utaratibu huo. Sufuria ziko nyuma ya ukuta, chakula kinakuja kimeshapakuliwa. Omba kuona. "Mama, naweza kuchagua kipande?" si swali la matusi, na hotelini pa kweli utaambiwa pita.

Wali una mambo yake. Usihangaike na asili ya mchele, maana ukiwasikiliza wenye hoteli, Dar nzima inakula mchele wa Kyela. Kyela ingepaswa kuwa na ukubwa wa Tabora. Hangaika na nazi na saa. Joto la Januari na Februari hapa hupita nyuzi 30 mchana, na tui haliwezi kulivumilia. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto kuzidi nyuzi 60. Kwa lugha ya mtaani: kama sahani haitoi mvuke, na mkono wako unaweza kutulia kwenye ubavu wa sufuria, umechelewa. Wali wa nazi na maharage ya nazi viliwe mchana. Baada ya saa tisa mimi hula cha mafuta au cha kuchoma. Na kiporo cha wali kilicholala nje hakitibiki kwa kukaangwa upya na karoti. Kuna bakteria wa wali ambao sumu yao haiondoki kwa moto.

Chipsi tunazipenda wote na ndizo zinazotudanganya zaidi. Zile zilizorundikwa kwenye kabati la kioo zimeshakaangwa nusu, zinasubiri mteja. Zikirudishwa kwenye mafuta zinapata rangi na kunywa mafuta mara ya pili. Sema mapema, "Naomba za kukatwa sasa hivi, nitasubiri," na usubiri kweli. Wakati unasubiri angalia karai: mafuta yaliyochoka huwa meusi, yanatoa moshi kabla viazi havijaingia na hufanya povu linalokataa kushuka. Chipsi mayai, zege kama vijana wanavyoiita, huficha zaidi kwa sababu yai linafunika. Ile sosi nyekundu ya chupa ya kubinya, inayotoka kama maji ya rangi, iache ilipo. Kachumbari mimi siigusi siku ya kwanza popote. Ni mbichi, na sijui maji yaliyoiosha yametoka wapi. Siku ya tatu nikishawazoea, naila. Kama wewe ni Muislamu na hoteli iko jirani na jiko la kitimoto, uliza bila aibu kama karai na mafuta ni yaleyale. Anayekasirika kwa swali hilo amekusaidia kuamua.

Nyama choma ina somo la hesabu. Nenda mwenyewe buchani, chagua pande, simama mbele ya mzani, lipa kwa uzito wa mbichi uliouona. Kilo ikishachomwa inapungua sana, na hapo ndipo ugomvi huanzia: mteja anasema ameibiwa, mchomaji anasema maji yamekauka, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Ili usigombane, muombe akate alama au afunge kamba kwenye pande lako kabla halijaungana na mapande ya wenzako kwenye jiko. Agiza kabla hujasikia njaa. Nyama iliyoletwa baada ya dakika kumi na tano ama haijaiva ama ilikuwa ya mtu mwingine aliyechoka kusubiri.

Samaki wa kukaanga muangalie mkiani. Aliyekaangwa leo mkia ni mkavu na mgongo bado una unyevu. Aliyerudishwa karaini mara ya pili amekauka mwili mzima na anavunjika kama ubao. Jicho lililozama si kosa, samaki yeyote akikaangwa jicho huenda. Harufu ndiyo ushahidi, hasa ukimfungua karibu na mfupa. Dagaa wabichi, kwa faida ya wanaowapenda kama mimi, huadimika siku za mwezi mpevu, kwa sababu wanavuliwa kwa taa na mbalamwezi huzifanya taa zisiwe na kazi. Hoteli inayokwambia "leo hakuna, mwezi" inanunua kila siku. Hoteli ambayo dagaa wabichi wapo mwezi mzima inazo hadithi za kutueleza.

Usafi wa hoteli haukai kwenye vigae. Vigae vinafutika. Nenda kanawe, hata kama mikono yako ni safi, kwa sababu njia ya kwenda kwenye koki kwa kawaida hupita karibu na mabeseni ya vyombo. Ukiona mabeseni mawili, moja la povu na moja la kusuuzia, na maji ya kusuuzia bado unaona chini, kaa. Beseni moja lenye maji ya rangi ya mchuzi ambamo sahani zinazamishwa na kutolewa, halafu zinafutwa kwa kitambaa kilekile kinachofuta meza, ondoka na njaa yako. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani ulitufundisha wengi kuangalia koki na sabuni kabla ya kuangalia nyama. Kipande cha tikiti wanachokupa juu ya wali kiliwe kama umeona kikikatwa.

Upande wa pesa, uliza bei kabla ya kukaa, si kwa kunong'ona. Bei iliyoandikwa ubaoni ni ya wote. Bei ya mdomoni hutegemea shati lako. Beba noti ndogo, maana hoteli mpya haina chenji na "utapita kesho uchukue" ni njia ya kukulazimisha kurudi. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lipa namba ya hoteli hutoa jina la biashara au la mwenyewe. Mhudumu akikupa namba yake binafsi, kesho mwenye hoteli ataona mauzo hayajafika, na sura itakayokumbukwa ni yako.

Na uende na nani? Mtu mmoja, ambaye mnaweza kuonjeshana sahani bila kuulizana. Wawili mnajaribu vyakula viwili kwa safari moja, na mmoja akikosea kuagiza mwingine anamwokoa. Ukiwa na watu sita hutaijua hoteli, utajua tu kama ina meza kubwa. Bosi usimpeleke. Mkwe usimpeleke, hata kama amesisitiza. Mkwe anapelekwa mahali ulipokula mara kumi.

Zipo siku ambazo hupaswi kuhukumu hoteli kabisa. Ijumaa mchana kila jiko la pwani linapika pilau au biriani, na hata mvivu siku hiyo hujitahidi, kwa hiyo Ijumaa itakupa mlo mzuri na habari potofu. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufunga mchana au huweka pazia, na kinachofaa kujaribiwa ni futari: magimbi na mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. Mahali panapopika futari nzuri nimepaweka alama, na sijajuta nikirudi baada ya Idi.

Ukikuta kasoro, sema palepale, taratibu, kwa anayeweza kurekebisha. "Dada, wali huu umepoa, naomba unibadilishie" hufanya kazi kuliko kukunja uso. Hoteli changa nyingi hazina mtu wa kuziambia ukweli. Wanaokula wanalipa, wanaondoka, hawarudi, na mwenye hoteli anadhani amerogwa. Mimi nimewahi kumwambia mama mmoja wa Sinza, siku ya pili tu ya kula kwake, kwamba maharage yake yamezidi magadi. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Baba, gesi imepanda." Nikamjibu najua, lakini angeyaloweka usiku angeokoa gesi na magadi vyote viwili. Hakunijibu, na nilipotoka nilihisi kichwani kwake nimeshakuwa yule mteja msumbufu.

Niliporudi wiki iliyofuata maharage yalikuwa mengine. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Kodi ya pili alilipa, ya tatu pia, na mwaka huu ameongeza fremu ya pembeni akavunja ukuta wa katikati. Sufuria bado ziko mbele, unachagua kipande mwenyewe, na saa saba na nusu maharage huwa yameshaisha. Ukienda, wahi.